Kula na Kunywa katika Mbio za Skii za Kilomita 90

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia ndugu mmoja wa Mombasa anayeishi Uswidi kujiandaa kwa Vasaloppet, mbio za kuteleza juu ya theluji kwa skii, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, zilizoanza mwaka 1922. Hesabu zote zimepigwa kwa mtu mwenye uzito wa kilo 70.

Hatua ya 1: Siku mbili kabla ya mbio. Kula gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 700. Gramu 100 za wali uliopikwa zina takribani gramu 28 za wanga, hivyo wali peke yake hautoshi; ongeza mkate mweupe, jemu, ndizi mbivu na juisi, na upunguze maharage na vyakula vya mafuta mengi.

Hatua ya 2: Kifungua kinywa. Mbio huanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo kula saa kumi na moja alfajiri, hata kama ni ndani ya basi. Uji wa oti wenye sukari na mkate wenye jemu hutosha.

Hatua ya 3: Kinywaji kisigande. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu baridi hufifisha kiu ilhali mwili unaendelea kupoteza maji kwa jasho, kwa mkojo unaoongezeka, na kwa kila pumzi inayotolewa katika hewa kavu. Changanya sehemu mbili za sukari ya kawaida na sehemu moja ya unga wa maltodekstrini (wanga unaoyeyuka majini na kumeng'enywa haraka): gramu 40 kwa 20 katika nusu lita kwa kila saa, pamoja na chumvi kidogo. Aliyelizoesha tumbo lake mazoezini anaweza kufika gramu 90 kwa saa. Binafsi naupendelea mchanganyiko huu kuliko jeli za dukani (sukari nzito ya wanamichezo katika pakiti ndogo), ambazo huwa nzito kwenye baridi kali na ambazo pakiti zake hazifunguki kwa mikono iliyovaa glavu nene. Anayezitaka lazima azibebe karibu na ngozi.

Usidhani kwamba sukari itazuia barafu, kwani kwa kiasi hiki hushusha kiwango cha kuganda kwa chini ya digrii moja tu. Kinachosaidia ni joto. Tumia mkanda wa kiunoni wenye chupa iliyokingwa dhidi ya baridi, na uijaze kinywaji cha moto kisichounguza. Mfuko wa mgongoni wenye mrija siupendekezi, kwa kuwa maji machache yaliyomo mrijani huganda kwanza na kufungia yote yaliyobaki. Ukilazimika kuutumia, uvae ndani ya koti, na kila ukimaliza kunywa puliza hewa ili maji yarudi mfukoni. Chupa ya kawaida ya mazoezini ibebwe kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na mdomo wake utabaki wazi. Kunywa kila baada ya dakika 15 au 20, usingoje kiu.

Hatua ya 4: Vituo vya vinywaji njiani. Kuanzia cha kwanza, Smågan, hadi cha mwisho, Eldris, viko saba. Kunywa katika kila kimoja, hasa supu ya moto ya beri za buluu, ambayo ina maji, sukari na joto kwa pamoja, kwa kuwa mkanda hauwezi kubeba kinywaji cha safari nzima.

Hatua ya 5: Baada ya mbio. Badili nguo zilizolowa kwanza. Kisha pata gramu 70 hivi za wanga kwa saa, kwa saa nne za mwanzo, na gramu 20 hadi 25 za protini mapema.

Jambo moja la msimu mzima: katika latitudo ya Mora, jua la majira ya baridi halitoshi kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya ngozi nyeupe. Pima damu mwanzoni mwa msimu, vitamini D pamoja na akiba ya madini ya chuma, kabla ya kununua vidonge vyovyote.