Wikendi Mombasa: tembea, piga picha, kula vizuri na bado ubaki na nauli

Mimi hupiga picha za harusi Nairobi lakini nimezaliwa Majengo, Mombasa, na karibu kila mwezi kuna mtu ananiandikia "niko na siku mbili tu Mombasa, niende wapi". Nikimuuliza mara ya mwisho ilikuwaje, hadithi ni ileile. Alifika Fort Jesus saa saba mchana, picha zikatoka nyeupe kama zimemwagiwa unga, uso wa mkewe mweusi tii chini ya kofia, halafu wakaenda kula chips kuku ambayo wangeila Tom Mboya Street, Nairobi, bila kupanda treni.

Shida si pesa wala kamera, shida ni saa. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, jua linatoka majini na kugonga zile kuta kwanza, na wapishi wetu wa barabarani nao wana saa zao, asubuhi mapema na jioni. Mwanga mzuri na chakula kizuri cha bei rahisi huja pamoja na hulala pamoja. Basi na wewe panga siku yako hivyo.

Hatua ya 1: fika ukiwa mwepesi

Treni ya usiku hutoka Nairobi saa nne usiku na inakufikisha Miritini kabla ya alfajiri, tiketi ya kawaida tangu Januari 2024 imekuwa shilingi 1,500, kata tiketi mapema kwa simu manake za wikendi huisha haraka. Ukishuka usikimbilie teksi ya kwanza inayokuita "boss", tulia, watu wakiwa wengi matatu za kwenda mjini zinajaa na zinaondoka. Lala mjini, sio ufuoni. Najua hoteli za Nyali zina bahari na kadhalika lakini kila asubuhi utalipa tuktuk kuvuka daraja na ule mwanga wa saa kumi na mbili na nusu utakupata njiani ukibishana bei. Chumba cha kawaida karibu na Digo Road kinatosha, chenye feni.

Feni nimesema kwa sababu. Kuna mwaka nililala chumba chenye kiyoyozi kilichokuwa kama friji, kamera iko mezani usiku kucha, nikaamka saa kumi na moja nikashuka mbio na nikafika pale kwenye maji jua likichungulia. Nikainua kamera, sioni kitu. Lenzi imefunga ukungu, nikifuta unarudi, nikifuta unarudi, mpaka jua likapanda na nikabaki na picha arobaini za maziwa. Joto na unyevu wa Mombasa ukikutana na kioo baridi ndio hufanya hivyo, na simu pia inapata. Ukiwa na kiyoyozi lazima, funga simu ama kamera kwa mfuko wa plastiki unaozibika kabla hujatoka, iache humo kama nusu saa izoee joto, ndio ufungue.

Hatua ya 2: tayarisha simu, dakika tano tu

Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba, sio kwa shati la jasho. Washa ile gridi ya mistari. Zima flashi na uisahau. Halafu jifunze kitu kimoja: gusa skrini mahali penye mwanga mkali zaidi, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo kwa kidole. Kuta za Mji wa Kale ni nyeupe na simu huchanganyikiwa nazo, ukiiachia iamue utapata ukuta uliopauka na anga isiyo na rangi. Na usivute zumu, songa kwa miguu. Pawabenki beba, joto linakula betri.

Hatua ya 3: asubuhi ya kwanza, mahamri kwanza

Saa kumi na mbili na nusu hivi uwe umeshapata mama mwenye karai la mahamri na sufuria la mbaazi. Hapa sitaki utani: mbaazi za nazi, zile mchuzi wake umeganda kidogo juu, na mahamri yenye iliki yaliyotoka sasa hivi kwenye mafuta, ukiyapasua mvuke unakupiga usoni. Mahamri manne, mbaazi sahani moja na chai, mara ya mwisho sikufika 150. Kama unataka picha, piga kabla hujala, simama upande ambao karai liko kati yako na jua, ule moshi na mvuke utawaka wenyewe, ukisimama na jua mgongoni hautauona kabisa. Lakini nunua kwanza. Mtu anayepiga picha ya biashara ya mtu na kuondoka bila kununua hata andazi moja tunamuona.

Ukishiba ingia Mji wa Kale kwa kuanzia pale Fort Jesus, ila usiingie ndani ya ngome saa hizi, pita. Fuata barabara ya Ndia Kuu, halafu ukate ushuke upande wa maji. Utaupita msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, wenye mnara mnene unaochongoka kwenda juu kama pia ya kuchezea iliyopinduliwa, piga kutoka barabarani na kama watu wanaingia kusali weka simu chini usubiri. Vichochoro vyenyewe saa moja bado vina giza, na hilo ndilo kosa la wengi, wanang'ang'ana kupiga milango kwenye kivuli kizito wakati kule mbele kwenye uwazi jua liko laini. Anza kwenye uwazi na kando ya maji, vichochoro rudi saa tatu jua likiwa limepanda na kuanza kudondoka ndani, ukuta mmoja unang'aa na kumulikia mlango ulioko ng'ambo. Hapo mlango wa nakshi unatoa kila ua na kila msumari.

Hatua ya 4: omba, na ukae

Mlango ni wa mtu. Roshani ni ya mtu, na pengine nyuma ya zile mbao kuna mama amekaa bila buibui akipunga upepo. Salimia kabla ya kuinua simu. Mimi nilimkuta mzee amekaa kwenye baraza ya mlango ambao nimeupita utotoni mara elfu bila kuutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapiga picha ya nini?"

"Ya mlango, mzee, ukiniruhusu."

"Mlango haukatai. Mimi ndiye nakataa, sijanyoa." Akacheka, akasogea pembeni akaniachia mlango wote, halafu akaniita nikae ninywe kahawa. Nilipata mlango na nikapata dakika ishirini za habari za nani aliishi wapi, na mwishowe akaniambia haya, piga na mimi, lakini kwa mbali.

Ile kahawa ni kahawa chungu, ya tangawizi, inamiminwa kutoka kwenye dele la shaba hadi vikombe vidogo visivyo na mkono, na bei yake ni ya sarafu tu. Muuzaji akivigonganisha vikombe utamsikia kabla hujamuona. Mwanga ukilipiga dele kwa ubavu hiyo ni picha bora kuliko kumi za mnara, ila kwanza kunywa, na ukae barazani kama watu.

Watoto usiwapige bila mzazi. Na wanawake wakisema la, ni la, usijifanye unapiga ukuta.

Hatua ya 5: mchana, jifiche

Kuanzia saa tano na nusu jua linakaa utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Usibishane nalo. Nenda Biashara Street ukaangalie leso, zimening'inizwa kuanzia juu mpaka chini, na kwa kuwa ziko kivulini huku barabara inarudisha mwanga, rangi zinatoka vizuri hata saa sita. Soma majina yake, nusu ya raha iko kwenye yale maneno ya chini. Marikiti kwa wauza viungo pia ni kivuli, lakini kuna msukumano, simu ishike kwa mikono miwili.

Chakula cha mchana, kanuni yangu: tazama hoteli gani ina tuktuk nyingi zimeegeshwa nje. Madereva hawana muda wala pesa za kupoteza. Agiza biriani kama ni Ijumaa, na usishangae mchuzi ukija mbali na wali, Mombasa ndivyo tunavyokula. Siku nyingine wali wa nazi na samaki. Sahani za huku ni kubwa, wawili mnaweza kuagiza moja na chapati juu yake na hakuna atakayewatazama. Halafu lala, kweli lala, hata mji wenyewe unapunguza sauti.

Ukija Ramadhani hii hatua ifute, mchana vibanda vingi vimefungwa na si adabu kula barabarani mbele ya waliofunga, ila jioni yake baada ya magharibi ni karamu ambayo hutaipata mwezi mwingine wowote.

Hatua ya 6: Fort Jesus saa tisa, sio saa saba

Ingia saa tisa hivi. Beba kitambulisho kwa sababu bei ya mwananchi si bei ya mgeni. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, mchoro wake wa Muitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiutazama kutoka juu una umbo la mtu aliyelala. Lile joto la kwanza limalizie ndani ya makumbusho, kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Santo Antonio de Tanna iliyozama hapo chini mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome, mzingiro ambao ulianza 1696 na kumalizika 1698, karibu miaka mitatu. Waingereza baadaye wakaifanya jela. Mimi nikiwa darasa la tano tulipelekwa huko na mwalimu, na kitu pekee nilichokumbuka ni mifupa ya nyangumi, kwa hiyo kama una watoto anzia hapo.

Saa kumi na robo panda juu kwenye kuta. Mawe ya matumbawe yaliyopakwa ile rangi ya machungwa iliyochakaa yanaanza kuwaka, na kila tundu la ukuta linapata kivuli chake. Simama na ukuta ubavuni, mtu wako umuweke mbali kidogo awe mdogo, ndipo ukubwa wa ngome uonekane. Ukimuweka karibu akijaza picha yote utapata uso na matofali tu, hiyo picha ungeipiga nyumbani.

Hatua ya 7: jioni, viazi karai na Lighthouse

Wauza viazi wanaanza kukaa saa kumi na moja. Viazi karai ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye unga wa manjano na kukaangwa, vinaletwa na maji ya ukwaju na pilipili, unakula kwa mkono kwenye sahani ya plastiki umekaa benchi na mtu usiyemjua. Ongeza mishkaki miwili. Ile balbu moja inayoning'inia juu ya karai ndiyo taa yako, ikae upande mmoja wa muuzaji, gusa skrini kwenye balbu uteremshe mwanga, uache pembeni pawe giza. Na osha mikono kabla ya kugusa jicho ili uchungulie kamera, mimi nililia nusu saa kwa pilipili na wenyeji wakafurahi sana.

Ukiwa na nguvu panda tuktuk mpaka Mama Ngina, pale tunapopaita Lighthouse, kwenye mibuyu mikubwa, muhogo na madafu. Usiende ukitarajia jua jekundu kuzama baharini, hiyo ni Zanzibar, Forodhani, kule mji unatazama magharibi. Huku jua linazama nyuma yako upande wa bara, na uzuri wake ni kwamba linamulika meli kubwa zikiingia mkondoni, karibu hadi unahisi ungemsalimia baharia.

Feri ya Likoni panda tu, usipige picha. Ni marufuku na askari hawana mzaha, nimeona kijana akifutishwa picha zake zote, hadi za mama yake.

Siku ya pili

Iwe Jumapili kama inawezekana. Amka mapema nenda Mapembeni, Moi Avenue, zile pembe kubwa za aluminiamu zinazopishana juu ya barabara kama herufi M. Siku za kazi ni matatu tupu, Jumapili alfajiri unaweza kusimama pembeni dakika kumi bila gari kukuharibia. Zingine zote zirudie kule ulikopenda jana, usitafute pahali papya, ule mlango wa jana leo utaujua. Mzee alinikumbuka siku ya pili, na alikuwa amenyoa.

Chakula chote kwa siku, nikila hivi, huwa sipitishi 800. Zinazobaki nunua mabuyu na achari za kupeleka nyumbani, ila mabuyu funga mfuko juu ya mfuko. Yangu yalimwagika kwenye treni na begi la kamera hadi leo ndani ni jekundu.