Dodoso la udumavu vijijini Mufindi: mlango ukiwa umefungwa usiuruke

Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha Iringa, mkoa ilipo wilaya ya Mufindi, watoto chini ya miaka 5 waliodumaa (wafupi kuliko umri wao unavyotaka) ni kama asilimia 57, nchi nzima ni 30. Na huu ndo mkoa wenye mahindi, viazi na maharage yani! Kwa hiyo ukiuliza chakula tu hutapata jibu, ulizia maisha ya kaya yenyewe. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1: vibali. Anza na kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), halafu mkoa, wilaya, kata mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi.

Hatua ya 2: orodha ya kaya. Daftari la kijiji mara nyingi halina waliopanga vyumba na vibarua wa msimu, so zunguka na mwenyekiti wa kitongoji muwaongeze. Kaya zikiwa 240 na unataka 30, gawanya unapata 8, chagua namba kwa bahati nasibu kati ya 1 na 8, anzia hapo then kila ya nane.

Hatua ya 3 ndo wengi wanaharibu. Umefika, kufuli mlangoni, unaingia kwa jirani kwa sababu yupo. Jamani msifanye hivi! Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi siyo sawa na aliyetoka alfajiri kuchuma chai ya watu. Kuna kaya nilirudi mara tatu, ya tatu saa kumi na mbili jioni baridi inauma, nikakuta binti wa kama miaka tisa amembeba mdogo wake mgongoni, pembeni kikombe cha uji wa mahindi mtupu umeshaganda juu, mama bado yuko njiani. Ningeingia kwa jirani, huyo mtoto asingekuwepo kabisa kwenye data zangu, na ndo niliyekuwa namtafuta.

Hatua ya 4: pima. Chini ya miaka 2 alale kwenye ubao wa kupimia urefu, aliyezidi asimame, viatu vitoke. Umri chukua kwenye kadi ya kliniki, usikubali "ana mwaka na kidogo". Urefu kwa umri ukiwa chini ya -2 (yani zaidi ya mikengeuko sanifu miwili chini ya kiwango cha kati cha umri wake) kwenye viwango vya WHO, Shirika la Afya Duniani, huyo kadumaa.

Hatua ya 5: maswali. Ukiuliza "nani anamlea mtoto" kila mtu atajibu mama. Uliza "jana mchana mtoto alibaki na nani, alikula nini, alilishwa na nani". Badala ya "nani anaamua" uliza mahindi ya mwaka huu aliyauza nani na hela ilikaa kwa nani. Bibi asiyekisikia vizuri Kiswahili mtafutie mkalimani wa Kihehe, ila asiwe mwenyekiti, hakuna mama atakayesema mume kauza gunia mwenyekiti akiwa amekaa pale.

Ukirudi mara tatu na bado kufuli, andika "haikupatikana" pamoja na sababu waliyokwambia majirani, na hizo kaya zihesabu uzitaje kwenye ripoti.