Miche ya mitiki ya chupani: kazi ipo kwenye mizizi

Tangu wakulima waione migomba ya maabara, inayokuzwa chupani kutoka kipande kidogo cha mmea, swali halikatiki: kwa nini tusifanye hivyo kwa mitiki? Inawezekana, Malaysia mitiki iliyokuzwa hivyo inauzwa kibiashara. Lakini mgomba hutoa mizizi bila kubembelezwa. Mti wa mbao unaweza kuchipua vizuri chupani kisha ukagoma kabisa kutoa mizizi, hasa kikonyo kikichukuliwa juu ya mti mzee.

Kwa hiyo anza na mama. Tafuta mtiki ulionyooka, usio na matawi ya chini. Ukishaukata kwa mbao usichome kisiki. Machipukizi yanayotoka karibu na ardhi bado yana uchanga, na hayo ndiyo ya kupeleka maabara au kuatika mwenyewe.

Maabarani kipande hutakaswa, hulishwa sukari, madini na homoni ya sitokinini ili kichipue kwa wingi. Halafu huja oksini, homoni ya kuita mizizi, mara nyingi ile iitwayo IBA. Mizizi inayotokea ndani ya chupa huwa dhaifu, vinyweleo vyake haba, na jani la mche wa chupani halina nta ya kutosha kuzuia maji. Ndiyo maana kwa mtiki napendelea njia ya mkato: chipukizi hutolewa chupani, tako lake hupakwa oksini, likashikia mizizi moja kwa moja kitaluni.

Miche mingi hufia hapo kitaluni. Osha chakula chote cha chupani kilichoganda, maana ukungu unakipenda. Usitumie mchanga wa pwani, wala maji ya kisima chenye chumvichumvi. Funika kwa nailoni chini ya kivuli cha makuti. Asubuhi nailoni ikitoka jasho, vizuri. Mche ukianza kuoza shingoni, punguza maji na fungua kidogo. Baada ya wiki mbili hivi anza kuizoesha hewa: jioni ifunue kwa muda wa saa moja, kesho yake kwa saa mbili, mpaka isinyauke mchana.

Asiye na maabara atengeneze sanduku la mbao: ndani nailoni isiyovuja, kokoto chini, mchanga safi juu, maji yaishie kwenye kokoto tu, kifuniko cha nailoni angavu. Chukua machipukizi machanga ya kisiki, bakisha majani mawili yaliyokatwa nusu, gusisha tako kwenye unga wa homoni ya mizizi, ukung'ute uliozidi. Wengi hutia mwingi wakidhani ni mbolea, ukizidi huunguza. Usivute kuangalia kama umeshika. Subiri mwezi, kisha vuta kidogo tu.

Mivinje nayo hukubali sandukuni, ila mche uliokulia kwenye kitu kisafi hukosa vijidudu vyake vya kunasa naitrojeni ya hewani. Ukishashika, tia kiribani udongo kidogo kutoka chini ya mvinje mkubwa wenye afya.

Usijaze shamba kwa watoto wa mama mmoja. Miche hiyo ni mti ule ule, na ugonjwa ukiupata mmoja unaweza kuipata yote. Changanya mama kadhaa, kila kundi na kibao chake. Anza sandukuni wakati wa vuli, ili masika ikianza Machi miche iwe imeshakomaa viribani na kuzoea jua kali.