Corolla 110 inatetemeka ikiwa sailensi? Safisha njia ya hewa, usitoboe kipepeo

Umesimama kwenye foleni, gari liko sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Usukani unatetemeka, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka, ukiwasha AC gari linazima. Fundi mmoja atakukazia skrubu ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa ya injini. Mwingine atakitoboa kipepeo chenyewe ili hewa ipite. Nimewahi kuletewa gari lililotobolewa hivyo: asubuhi limetulia, likishapata moto sailensi inakaa 1,500 na mafuta yanakwisha bure. Ilibidi tutafute throto nyingine ya mtumba, yaani kifaa chote kinachobeba kipepeo.

Nazungumzia injini za 4A-FE na 5A-FE, zenye throto ya waya, inayovutwa na waya wa mafuta kutoka kwenye pedeli. Mguu ukiwa haujagusa pedeli, kipepeo kimefungwa, na hewa ya sailensi hupita pembeni kwenye njia ndogo inayosimamiwa na valvu iliyofungwa chini ya throto. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini huacha utando mweusi humo. Njia ikibanwa, injini inakosa pumzi. Dawa ni kuisafisha.

Kwanza hakikisha plagi na waya zake ni nzima. Kisha washa injini na upulizie maji ya sabuni kwenye mipira midogo ya hewa na maungio ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye injini. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Tengeneza hapo kabla ya kufungua kitu kingine.

Zima, acha injini ipoe kabisa, chomoa nguzo hasi ya betri. Toa mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina, waya wa mafuta na soketi za umeme. Piga picha kila mpira kabla ya kuuchomoa. Miwili kati ya hiyo ni ya kulanti (maji ya kupozea injini), hivyo weka chombo chini na uizibe ncha zake. Legeza boliti na nati, throto inatoka mzima.

Sasa igeuze. Valvu imeshikwa na skrubu nne za nyota, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu skrubu hizo ni laini na zimekaza kwa miaka. Tafuta bisibisi inayojaa kichwa cha skrubu sawasawa, igonge kwa nyundo mara mbili tatu, kisha egemeza uzito wako wote ndipo uzungushe. Ikianza kuteleza, acha mara moja, gonga tena. Skrubu mbili zinazoshika sensa ya kipepeo usiziguse, wala ile ya kuzuia kipepeo. Hiyo ilipimwa kiwandani.

Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka dawa itoke safi. Ndani ya valvu tumia kidogo tu, ukiinamisha tundu lake chini ili dawa isiingie kwenye koili. Usichokonoe kwa chuma. Pindo za kipepeo zifute kwa kitambaa. Elekeza throto kwenye mwanga, uzi mwembamba wa nuru uwe sawa pande zote.

Rudisha ukitumia gasketi mpya, ya valvu na ya throto. Ya zamani ikivuta hewa, umerudi ulipoanzia. Waya wa mafuta uache na ulegevu kidogo.

Jaza kulanti, washa bila AC, usikanyage mafuta. Mwanzoni sailensi itakuwa juu, ni kawaida. Subiri mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Mshale unapaswa kutulia kati ya 700 na 800. Washa AC na taa: inaweza kuyumba kidogo, kisha ishike.

Ikiendelea kupanda na kushuka, usikimbilie kununua valvu. Acha ipoe, fungua rejeta uangalie kulanti. Hewa ikibaki kwenye ile mipira miwili, valvu haipati joto lake. Ongeza, minya mipira, washa tena.