Buldoza kuukuu likichemsha, anza na rejeta

Kabla ya kulaumu wota pampu, angalia feni inapuliza upande gani. Mabuldoza mengi yana feni inayosukuma hewa nje kupitia rejeta, kwa hiyo vumbi lililoshikana na oili hujaa upande wa injini, ambao ukisimama mbele huuoni. Osha kutoka mbele kuelekea injini, tena kwa presha ndogo, mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yasilale.

Likichemsha linaposukuma mzigo tu, kagua mkanda wa feni. Kwenye yale yenye konveta (kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia kwa kutumia oili), joto la gia nalo hupozwa na maji hayohayo.

Injini ikiwa baridi kabisa (ya moto itakuunguza), fungua mfuniko wa rejeta kisha washa. Mapovu yasiyoisha, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Oili ikielea majini, shuku kipoza oili.