Kocha wa Watani Akiyumba: Namna ya Kujadili Hatima Yake kwa Haki

Kila msimu hufika wiki ambayo, pale kwenye kibanda cha magazeti Kondele, Kisumu, hakuna anayeuliza tena K'Ogalo, yaani Gor Mahia, inacheza na nani Jumapili, kwa kuwa kila mtu anataka kujua kama kocha wa Ingwe, yaani AFC Leopards, atakula Krismasi akiwa bado kazini. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia tangu utotoni, na dada yangu ameolewa Vihiga katika boma la watu wa AFC Leopards, kwa hiyo jina la Debi ya Mashemeji, mechi ya timu hizi mbili, kwangu ni maelezo ya jamaa zangu halisi. Kwa miaka mingi nimeshiriki mjadala huu kando ya ziwa na sebuleni kwa shemeji, nami nimeona jinsi unavyoweza kuwa mazungumzo matamu ya watu wanaoujua mchezo, na jinsi unavyoweza kuharibika kabla chai haijapoa. Tofauti hutokana na namna ulivyoanzishwa, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa yeyote atakayejikuta akijadili kazi ya kocha ambaye si wake.

Anza kwa kutenganisha maswali matatu ambayo kwa kawaida watu huyachanganya katika sentensi moja. Swali la kwanza ni kama kocha huyo anastahili kufutwa, na hili linahusu ubora wa kazi yake. La pili ni kama atafutwa, na hili linahusu viongozi wa klabu, mkataba wake na hali ya fedha. La tatu ni kama wewe ungependa afutwe, na hili linahusu moyo wako. Shabiki wa timu pinzani ana udhaifu mkubwa katika swali hili la tatu, kwa sababu timu ya watani ikiyumba yeye hunufaika, na kwa hiyo hutamani kocha anayeiyumbisha aendelee kubaki. Nimewasikia mashabiki wenzangu wakimtetea kocha wa Leopards kwa maneno mazuri sana ya subira na mipango ya muda mrefu, ilhali miezi miwili nyuma walikuwa wakidai kocha wetu apigwe kalamu kwa makosa yale yale. Shemeji yangu alilitambua jambo hilo kabla yangu, akaniuliza kama ningesema hivyo hivyo endapo jezi ingekuwa ya kijani. Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu wa kutangaza tamaa yangu mwanzoni: nasema wazi kwamba ningefurahi abaki kwa faida ya Gor, kisha naeleza ninachofikiri kitatokea, hata kama kinapingana na furaha yangu. Ukifanya hivyo, anayekusikiliza atajua ni lini unapima na ni lini unaomba dua.

Baada ya hapo, soma jedwali kwa makini kuliko linavyosomwa barabarani. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, na kila timu hucheza mechi 34, ikikutana na kila mpinzani nyumbani na ugenini. Maana yake ni kwamba nafasi ya timu baada ya mechi nane hutegemea sana ni nani aliyepangiwa mapema. Chukua mfano wa kocha ambaye mechi zake nne za kwanza ni dhidi ya Gor, Tusker, Kenya Police na safari ya Mombasa kucheza na Bandari, kisha akafutwa akiwa na alama mbili, na kaimu wake akaanza kwa kupokea nyumbani timu nne zilizo mkiani. Kaimu atashinda mechi tatu na kuitwa mkombozi, na watu wataapa kwamba tatizo lilikuwa kocha, ingawa kilichobadilika zaidi ni ratiba. Njia bora ni kulinganisha mechi na mechi inayofanana nayo: timu hii ilipata nini msimu uliopita dhidi ya wapinzani hawa hawa, katika viwanja hivi hivi? Uwanja nao una uzito wake. Wakati viwanja vya Nyayo na Kasarani vilipokuwa vikikarabatiwa kwa ajili ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Agosti 2025, timu za Nairobi zilihamahama kutafuta pa kuchezea, na mechi iliyoandikwa kuwa ya nyumbani mara nyingine ilichezwa mbali na nyumbani. Kocha asilaumiwe kwa hilo bila kwanza kulitaja.

Yatazame pia mabao jinsi yanavyopatikana na kufungwa. Timu inayotengeneza nafasi nyingi na kuzipoteza ina tatizo tofauti na timu isiyofika kabisa kwenye kisanduku, na timu inayofungwa kila mara kwa kona katika dakika za mwisho inaonyesha jambo ambalo kocha angeweza kulirekebisha mazoezini. Kwa hiyo ni vyema kuwa umeitazama timu hiyo kwa macho yako walau mara tatu kabla ya kutoa hukumu. Mashabiki wengi wa Kisumu huiona Leopards mara moja tu kwa mkondo, siku ya debi, na debi ni kipimo kibaya, kwa kuwa siku hiyo kila mchezaji hukimbia kuliko kawaida yake.

Sasa tufike mahali ambapo mijadala mingi hupwaya, yaani kujua nani anayeamua. Gor na Leopards ni klabu za wanachama zenye viongozi wa kuchaguliwa, na kiongozi wa kuchaguliwa husikia sauti ya jukwaani kwa namna ambayo meneja wa kampuni haisikii. Uchaguzi unapokaribia, kocha aliyepoteza mechi tatu huwa hatarini zaidi kuliko kocha wa timu ya taasisi aliyepoteza tano. Kwa timu kama Tusker, KCB au Kenya Police, uamuzi hupita kwa watu ambao kazi zao hazitegemei kura za mashabiki, na mara nyingi hutolewa kimya kimya. Ukitaka kujua kama kocha wa Ingwe atafutwa, uliza kwanza viongozi wake wako katika hali gani mbele ya wanachama wao, kisha ndipo uulize alama ni ngapi.

La fedha ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote. Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mashabiki hujadili kazi za makocha wa mpira wao wa Kimarekani kwa bidii kama yetu, hoja ya kwanza huwa gharama ya kuvunja mkataba; Chuo Kikuu cha Texas A&M kilipomwachisha kazi Jimbo Fisher mnamo Novemba 2023, kilibaki na deni kwake la zaidi ya dola milioni 75. Fedha zetu hazikaribii kabisa hizo, lakini hoja ni ile ile. Kocha wa kigeni akifutwa bila sababu ya haki anaweza kupeleka kesi FIFA, ambayo tangu Januari 2021 ina kanuni mahususi za mikataba ya makocha, na kwa kawaida fidia huanzia kwenye mshahara wa muda uliobaki katika mkataba. Klabu isipolipa inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji, adhabu ambayo Gor na Leopards zote zimewahi kuionja kwa sababu ya madeni yao. Kocha wa hapa nyumbani naye analindwa na Sheria ya Ajira ya 2007, inayomtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi kwa utendaji duni. Kwa hiyo anayesema kocha fulani ataondoka kesho asubuhi anapaswa kujibu: nani atalipa, na kutoka mfuko gani?

Mfuko mtupu pia humwondoa kocha kwa mlango mwingine. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake mwaka 2019, klabu zetu ziliyumba, na Andre Casa Mbungo, Mnyarwanda aliyekuwa akiifundisha Leopards, aliondoka msimu huo huo baada ya kukaa miezi bila mshahara. Msimu huo pia SoNy Sugar ya Awendo iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi zake. Kumhukumu kocha aliyefanya kazi katika mazingira hayo kwa kuhesabu alama peke yake ni kumdhulumu, nami nawasihi wenzangu wa K'Ogalo wasifanye hivyo hata kama jina lililo mezani ni la mahasimu. Kabla ya kujadili mbinu zake, ulizia kama wachezaji wamelipwa.

Cheti nacho ni jambo fupi lakini la lazima. Mwaka 2020 Gor ilimleta Roberto Oliveira kutoka Brazili, kisha ikagundulika kwamba vyeti vyake havikutosheleza masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, akashindwa kukaa kwenye benchi katika mechi za Ligi ya Mabingwa dhidi ya APR ya Rwanda. Kila unapotaja mrithi, hakikisha anaruhusiwa kukaa hapo unapomweka.

Swali la mrithi ndilo linalowatofautisha wanaojadili na wanaopiga kelele. Mtu akidai kocha wa watani afutwe, mwombe amtaje atakayekuja, atakuja lini, na atatumia wachezaji gani kama dirisha la usajili limefungwa. Historia ya ligi yetu inatoa ushahidi wa pande zote mbili, na ni vyema kuubeba wote. Robert Matano aliipatia Leopards kombe la GOtv Shield mwaka 2017, akaondoka mwaka uliofuata, kisha akaenda Tusker na kutwaa nayo ubingwa wa ligi mwaka 2021 na 2022. Mashabiki wa Ingwe ninaowafahamu bado wanalisema hilo kwa uchungu, na wana haki, kwa kuwa timu yao haijashinda ligi tangu 1998. Kwa upande mwingine, Kenya Police ilipata ubingwa wake wa kwanza msimu wa 2024/25 ikiwa na Etienne Ndayiragije, aliyeingia msimu ukiwa umekwisha kuanza. Mabadiliko yaliwafaa Polisi waliokuwa na kikosi kizuri tayari. Binafsi naamini hiyo ndiyo alama ya kutafuta: kikosi kikiwa bora kuliko nafasi yake kwenye jedwali, kocha mpya anaweza kusaidia, kikosi kikiwa pale pale kinapostahili, kocha mpya atarithi msiba ule ule.

Kumbuka pia kwamba kocha huondoka hata anaposhinda, na kwa hiyo si kila uvumi wa kuondoka ni dalili ya kushindwa. Frank Nuttall aliiongoza Gor kumaliza ligi ya 2015 bila kupoteza mechi hata moja, na msimu uliofuata ulipoanza tu akaondoka. Dylan Kerr alishinda ligi ya 2017 na ya 2018, kisha akaenda Afrika Kusini. Sisi tuliolia wakati ule tunapaswa kuwa wa mwisho kucheka watani wanapolia.

Kuhusu uvumi wenyewe, nina kanuni moja. Habari iliyotoka kwa mtu mmoja na kurudiwa na watu kumi bado ni habari ya mtu mmoja, basi mwulize anayekuletea aliipata wapi hadi ufike kwenye chanzo. Dalili zenye uzito ni zile zinazoonekana: msaidizi mpya kuongezwa kwenye benchi la ufundi bila kocha mkuu kumzungumzia, kikao cha dharura cha viongozi, au nahodha kuwekwa nje bila jeraha. Tamko la viongozi kwamba wana imani kamili na kocha silihesabu upande wowote, kwa kuwa nimeliona likifuatwa na miaka miwili ya kazi na nimeliona likifuatwa na barua ya kufutwa ndani ya wiki.

Jambo la mwisho la kuzingatia ni ulimi. Leopards waliacha jina la Abaluhya mwaka 1980, lakini kila mtu huku magharibi anajua klabu hizi zilitoka wapi, Gor kwa Wajaluo na Leopards kwa Waluhya, na kwa hiyo kejeli kuhusu kocha hugeuka haraka kuwa kejeli kuhusu watu. Mtaje kocha kwa jina lake na kazi yake, usitaje kabila lake wala la wanaomshangilia. Mbele ya wazee, kama baba mkwe wa dada yangu, mimi husubiri waanze wao, na nikitofautiana nao husema, “Mzee, niruhusu nilitazame kwa upande mwingine.” Mtu akikasirika, mjadala uhamie kwenye mechi ijayo.

Mimi na shemeji tuna daftari dogo analolitunza dada. Kila mmoja huandika tarehe, jina la kocha anayejadiliwa, kama atakuwepo mkondo wa kwanza ukiisha, na sababu moja tu, nasi tunatia sahihi. Debi ya mkondo wa pili inapofika, tunalifungua kabla ya mechi, huku chai ikimiminwa, na kila mtu anasoma kwa sauti alichokiandika mwenyewe.