Siku ya Mechi Fenway: Baa, Santuri na Pasipoti Mfukoni

Pasipoti kwanza, mengine baadaye. Labda unaishi Lowell, Worcester au Lynn, labda umekuja Boston wiki mbili tu kumwona dada yako, na umeamua Jumamosi hii uende mitaa ya Fenway kuonja siku ya mechi ya Red Sox, timu ya besiboli ya Boston. Usipokuwa na hati inayokubalika, utaishia mlangoni. Umri wa kuuziwa pombe Marekani ni miaka 21, na baunsa hatazami mvi zako. Sheria ya Massachusetts inazitaja hati ambazo mwenye baa akizitegemea anakuwa salama: leseni ya udereva ya jimbo hilo, kitambulisho cha jimbo hilo, pasipoti, kitambulisho cha jeshi la Marekani na nyingine chache. Leseni ya jimbo jingine usiitegemee. Baa nyingi huipokea, lakini ikikataliwa huna pa kushtaki. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au kadi ya NIDA viache nyumbani.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na picha ya pasipoti kwenye simu. Baunsa aliitazama, akanirudishia simu yangu, akamwita aliyekuwa nyuma. Nikabaki kando ya barabara na soda mkononi, na ndipo uwanja mzima ulipoanza kuimba. Sauti ilivuka ukuta, ikapokewa ndani ya baa, na watu wa kwenye foleni nao wakaidaka, wazee kwa vijana, kila mmoja akijua pa kuitikia. Nilikuwa kama mgeni wa harusini asiyejua kibwagizo. Tangu hapo kila anayeniuliza habari za Fenway namwambia ajifunze nyimbo kabla ya kutafuta tiketi. Tiketi unaweza kuikosa na bado ukapata jioni nzuri.

Kwa nini baa zimegusana na uwanja

Fenway Park ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, na ndio uwanja mkongwe kuliko yote ya ligi kuu ya besiboli. Haukujengwa nje ya mji penye nafasi ya maegesho. Ulibanwa kati ya barabara, na upande wa kushoto barabara ya Lansdowne inapita karibu mno na eneo la kuchezea. Ndiyo sababu upande huo una ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 11 na zaidi, ambao wenyeji huuita Green Monster. Ng'ambo ya ukuta kuna lami, na ng'ambo ya lami kuna milango ya baa.

Kwa sisi tuliolelewa na soka, mchezo wenyewe ni huu: hakuna dakika 90. Kuna awamu 9, na katika kila awamu timu moja hupiga huku nyingine ikirusha na kudaka, kisha hubadilishana. Kati ya mrusho na mrusho kuna nafasi ya kuongea, na watu huongea kweli, habari za kazini, za watoto, za mchezaji aliyestaafu zamani. Mimi nauona ni mchezo wa barazani, jamaa wa karibu wa bao. Mtu atakayekaa kimya akitazama mpira peke yake atachoka mapema, na atakayemuuliza jirani "kwa nini yule katolewa?" ataondoka na rafiki. Waganda wametutangulia hapa: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania.

Baa zenyewe

Ukiwa na nafasi ya kwenda moja tu, nenda Bleacher Bar. Iko Lansdowne, chini ya majukwaa yenyewe, mahali ambapo zamani timu ya wageni ilikuwa ikinyoosha mikono kabla ya mechi kwa kupiga mipira ya mazoezi. Ilifunguliwa kuwa baa mwaka 2008. Ukutani kuna dirisha kubwa kama lango la gereji, na dirisha hilo linatazama moja kwa moja ndani ya uwanja, usawa wa nyasi. Hulipi tiketi. Unaagiza chakula, unamwona mchezaji wa katikati mgongoni, karibu kiasi kwamba unasoma jina lake bila kukaza macho. Ila kila mtu Boston anaijua siri hii. Siku ya mechi fika mapema, muda wa saa mbili au tatu kabla haijaanza, na usitarajie kukalia meza ya dirishani awamu zote tisa. Siku isiyo na mechi ni tulivu, na uwanja mtupu jioni ya Juni una uzuri wake. Mama yangu alipokuja kutembea nilimpeleka siku kama hiyo, akala samaki na viazi akiutazama ukuta ule wa kijani, na mpaka leo anauulizia.

Cask 'n Flagon iko kwenye kona ya Lansdowne na Brookline Avenue, kubwa, yenye picha za zamani ukutani na runinga kila upande. Hapa ndipo pa kwenda na kundi la watu wanane wa kazini. Lansdowne Pub ni ya mtindo wa Kiairishi na hupigwa muziki wa bendi. Loretta's Last Call ni ya wapenda kantri, na kama ulikulia Kenya ukisikiliza kantri redioni Jumapili asubuhi, utajikuta unajua nyimbo nyingi kuliko wenyeji. McGreevy's ya Boylston Street, ambayo bado utaikuta ikisifiwa kwenye orodha za zamani, ilifungwa mwaka 2020, usipoteze nauli.

Lakini jina hilo lina historia ambayo inafaa uijue kabla hujaingia baa yoyote hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Michael McGreevy alikuwa na baa iliyoitwa Third Base, yaani kituo cha tatu anachopita mkimbiaji wa besiboli, kwa kuwa ndicho cha mwisho kabla ya kufika nyumbani. Wateja wake walijiita Royal Rooters. Katika fainali ya 1903 walichukua wimbo mmoja wa jukwaani, "Tessie", wakauimba kwa kuwazomea Pittsburgh mechi baada ya mechi hadi Boston ikashinda. Pombe ilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1920 baa ikafa, na mkusanyiko wa picha zake ukaenda Maktaba ya Umma ya Boston, ulipo hadi sasa. Yeyote aliyekulia na watani wa jadi, Simba na Yanga au Gor na Ingwe, atawatambua watu hawa papo hapo.

Albamu za kusikiliza kabla hujatoka nyumbani

Anza na Dropkick Murphys, bendi ya panki ya Boston yenye damu ya Kiairishi. Mwaka 2004 waliurudisha "Tessie" kwa maneno mapya yanayowahusu Royal Rooters wenyewe, na mwaka huohuo Red Sox ikatwaa ubingwa baada ya kuukosa tangu 1918. Miaka 86! Wimbo huo utaupata mwishoni mwa albamu yao ya 2005, The Warrior's Code. Ukipenda kusikia mtaa wenyewe, tafuta Live on Lansdowne, iliyorekodiwa 2009 katika ukumbi wa House of Blues, hatua chache kutoka ukutani. Pale hujasikia bendi tu, umesikia hadhira ya mji huu ikiitikia kwa koo lake lote.

Wimbo ulioniacha barabarani ule usiku ni "Sweet Caroline" wa Neil Diamond, wa 1969. Huimbwa katikati ya awamu ya nane, kila mechi ya nyumbani. Jifunze kiitikio, hakina ugumu. Na kama wewe ni mkusanyaji wa santuri, angalizo: albamu ya mwaka ule, Brother Love's Travelling Salvation Show, ilitoka kwanza bila wimbo huu, ukaongezwa katika matoleo ya baadaye baada ya kuvuma. Kwa hiyo geuza jalada usome orodha kabla ya kutoa pesa. Red Sox ikishinda utasikia "Dirty Water" ya Standells. Bendi hiyo ilitoka Los Angeles, jambo ambalo ukilitamka baa ya Boston utazua mjadala mzuri sana.

Sasa nifike kwenye albamu ninayoipenda kuliko zote hizo, na ambayo inatuhusu. Mwaka 1970 vijana watatu wa eneo hili walianzisha kampuni ya santuri, Rounder, iliyokuwa na makao Cambridge, ng'ambo ya mto. Mmoja wao, Bill Nowlin, ndiye huyohuyo aliyekuja kuandika vitabu vingi mno kuhusu Red Sox na Fenway. Na Rounder hiyo, mwaka 1989, ilitoa The Nairobi Beat, mkusanyiko wa nyimbo za bendi za Kenya za wakati ule. Gitaa la Nairobi lilipita mikononi mwa kampuni ya mashabiki wa Fenway likaenda maduka ya Marekani yote. Nilipoijua habari hiyo nilifurahi kama niliyeokota barua ya nyumbani. Itafute katika maduka ya santuri zilizotumika ya Cambridge, kwenye masanduku ya Afrika au ya muziki wa dunia. Siku ukikaa Bleacher Bar na Mmarekani akakuuliza kwenu mnasikiliza nini, unayo hadithi inayoanzia kwenu na kuishia mtaani kwake.

Kwa muziki wa moja kwa moja, House of Blues iko Lansdowne, na tangu 2022 kuna MGM Music Hall nyuma ya majukwaa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 5,000. Usiku wa mechi na tamasha kwa pamoja mtaa haupitiki. Panga mapema.

Pesa, usafiri na sheria

Usitafute saa za bei nafuu. Massachusetts ilizipiga marufuku mwaka 1984, baa hairuhusiwi kupunguza bei ya pombe kwa saa fulani tu. Bei ya kwenye menyu si bei utakayolipa: ongeza kodi ya asilimia 7 na bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Ukiagiza kaunta, dola moja au mbili kwa kinywaji. Wahudumu huishi kwa bakshishi, na wengi wao ni wageni kama sisi, hivyo usiibanie. Asiyekunywa pombe asione haya, soda na chakula vipo na hakuna atakayemsumbua. Soseji za mikokoteni ya Lansdowne zinanukia mbali, lakini zile za Kiitaliano kwa kawaida ni za nguruwe. Uliza kabla.

Gari liache. Maegesho siku ya mechi ni ghali kupindukia, na kuna jambo zito zaidi. Kiwango cha kilevi kwa dereva ni asilimia 0.08, na kwa mwenye viza ya muda, kukamatwa tu ukiendesha umelewa kunaweza kufanya viza ifutwe hata kabla hakimu hajasema neno. Nimeona familia ikihangaika mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja wa namna hiyo. Kunywa barabarani nako ni kosa Boston. Bangi utaisikia harufu, maana jimbo limeiruhusu kwa wenye miaka 21, lakini sheria ya taifa bado inaikataza, na asiye raia huhukumiwa kwa sheria ya taifa anapoomba karatasi zake. Ipite.

Wa Worcester na Framingham mmebarikiwa: treni yenu inasimama stesheni ya Lansdowne, mlangoni kabisa. Wa Lowell shukeni North Station, mpande treni ya mjini ya Green Line hadi Kenmore. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaagiza kinywaji cha pili.

Siku moja ambayo usiikose

Jumatatu ya tatu ya Aprili ni Patriots' Day. Red Sox hucheza asubuhi, kuanzia kama saa tano na dakika kumi, na siku hiyohiyo Boston Marathon hupita Kenmore Square, maili moja tu kabla ya kumalizika. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizi. Ikangaa alirudi 1989 na 1990, akawa wa pili tena na tena. Mwaka 2025 John Korir wa Kenya alikuwa wa kwanza na Alphonce Simbu wa Tanzania wa pili.

Hapa lazima uchague. Wanaoongoza hupita Kenmore kabla ya saa sita mchana, wakati mechi ndiyo kwanza imeanza, na aliye uwanjani hatawaona. Mimi sinunui tiketi siku hiyo. Nafika Kenmore saa nne na nusu kushika nafasi kwenye kizuizi, nikivaa kofia ya Red Sox na bendera mabegani. Stesheni ya Copley hufungwa kutwa, kwa hiyo soma tangazo la MBTA, shirika la treni na mabasi ya hapa, usiku uliotangulia. Bia na santuri vitangoja alasiri. Wakitokea kwenye kona, waite kwa majina yao, na uwaite kwa Kiswahili, maana kelele zote nyingine zitakuwa za Kiingereza.